Njia ni ya Nani? Kuielewa Tofauti ya Reli Nyepesi na Treni ya Chini ya Ardhi

Mpwa wangu alikuja Mtwara likizo mwishoni mwa mwaka 2024 akitokea Dodoma, na katika yote aliyotusimulia barazani kwetu Chikongola, lililomjaa moyoni zaidi lilikuwa safari yake ya treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. "Mjomba," aliniambia, "tulipofika kwenye milima ya Kilosa treni iliingia chini ya mlima kabisa, madirishani giza tupu. Basi na mimi nimeshapanda subwei." Alisema kwa furaha ya kweli, nami sikuona sababu ya kumpunguzia furaha yake. Nilimuuliza tu kama giza lile lilidumu. Akajibu kwamba halikudumu, mara mwanga ukarudi na mabonde yakaonekana tena.

Aliyoipanda si subwei. Ni reli ya masafa marefu inayounganisha miji, ambayo mlima umeilazimisha kupita handakini kwa muda mfupi. Hata hivyo kosa lake linaeleweka, kwa sababu sisi sote tumezoea kuzipambanua treni za mjini kwa macho: ikipita chini ya ardhi tunaiita subwei au metro, ikipita juu ya ardhi tunaiita reli nyepesi au tramu, yaani treni fupi ya barabarani. Mgawanyo huo ni rahisi kuukumbuka, lakini ukiufuata utapotea mapema sana. Reli za chini ya ardhi za London, zilizo kongwe kuliko zote duniani, zaidi ya nusu ya urefu wake ziko juani. Njia ya kwanza ya metro ya Cairo, iliyofunguliwa mwaka 1987 ikiwa ya kwanza barani Afrika, ilipatikana kwa kuunganisha reli mbili za vitongoji zilizokuwapo tangu zamani kwa kipande kifupi cha handaki katikati ya mji. Sehemu kubwa ya safari yake abiria anaona majumba na anga. Huko Boston, Marekani, kuna handaki lililofunguliwa mwaka 1897, ambalo hadi leo linapitisha mabehewa ya tramu ambayo yakitoka handakini huenda kupita barabarani. Ikiwa treni ya chini ya ardhi inapita juani, na tramu inapita chini ya ardhi, basi ni wazi kwamba kina si kipimo.

Kipimo ni njia. Swali la kuuliza mbele ya treni yoyote ya mjini ni hili: njia inayopita ni ya nani? Je, ni yake peke yake kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, hakuna gari, pikipiki, mbuzi wala mtembea kwa miguu anayeikata mahali popote? Au kuna mahali, hata pamoja tu, ambapo inalazimika kukutana na wengine na kungoja zamu? Ya kwanza ni metro, hata ikipita juu ya madaraja. Ya pili ni reli nyepesi, hata ikizama handakini. Karibu kila tofauti nyingine ambayo watu huitaja, yaani mwendo, idadi ya abiria, aina ya umeme, urefu wa treni, gharama, hata namna ya kukata tiketi, huzaliwa na jibu la swali hilo moja.

Majina yenyewe hayasaidii sana, na ni vizuri tuyamalize mapema. "Metro" limetokana na reli ya jiji kuu: kampuni iliyofungua njia ya London mwaka 1863 ilikuwa Metropolitan Railway, na Paris walipofungua yao mwaka 1900 nao wakaitumia sifa hiyo hiyo katika jina refu ambalo watu walilikata likabaki metro. "Reli nyepesi" ni jina lililopitishwa Marekani mwaka 1972, wakati wataalamu wa serikali walipotafuta namna ya kuyaeleza mageuzi ya tramu yaliyokuwa yakifanyika Ulaya bila kutumia neno tramu, ambalo kwa Wamarekani lilinuka ukale. Neno "nyepesi" hapo halihusu uzito wa chuma. Chombo cha reli nyepesi chenye urefu wa mita 28 au 30 huwa na tani 40 au zaidi, uzito unaokaribiana na wa behewa moja la treni za chini ya ardhi za New York. Chepesi ni kile kinachozunguka treni, yaani vituo vidogo zaidi, ujenzi usiochimba sana, na shehena ndogo zaidi ya watu. Baada ya hapo kila mji ukajiitia utakavyo. Tunis ilifungua reli yake mwaka 1985 ikaiita metro nyepesi, nayo ni tramu inayokatiza barabara. Manila, Ufilipino, ilifungua yake mwaka 1984 ikaiita reli nyepesi, nayo inapita juu ya nguzo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukutana na gari hata moja. Jina lililoandikwa kwenye tiketi si ushahidi wa kutosha.

Ili tuone kwa nini umiliki wa njia una uzito kiasi hicho, hatuhitaji kwenda mbali. Asubuhi moja nilipanda daladala kutoka Mikindani kuja Mtwara mjini, nikaitazama saa tangu gari lilipong'oa. Umbali ni kama kilomita 10. Gari lilikuwa zima, dereva alikuwa makini, na lami ilikuwa nzuri. Tulisimama mara 14. Mara moja ilikuwa kumshusha mama mwenye beseni la samaki, kondakta akalipokea taratibu kwa mikono miwili ili maji ya barafu yasiwamwagikie abiria wa mlangoni. Mara nyingine kulisubiri lori lililokuwa likirudi nyuma kuingia kwenye ghala. Mara mbili kwa ajili ya bajaji zilizogeuza katikati ya barabara. Na mara zilizobaki ni abiria waliopungia mkono popote walipokuwa. Safari ilichukua dakika 31. Katika hizo, dakika 12 magurudumu yalikuwa hayazunguki kabisa. Kwa dakika 19 zilizobaki daladala lile lilikwenda kwa wastani wa kilomita 32 kwa saa, ambao si mwendo mbaya hata kidogo kwa chombo cha mjini. Lakini ukihesabu safari nzima, wastani unashuka hadi kilomita 19.

Injini yenye nguvu maradufu isingetuokolea hata dakika tatu. Muda wa abiria wa mjini hauliwi na uchovu wa gari. Unaliwa na kusimama, na sehemu ya kusimama huko ni kwa sababu ya watu wengine wenye haki sawa ya kuitumia barabara hiyo. Anayetaka kuurudisha muda huo ana mambo mawili ya kufanya: kupunguza vituo na kuvipanga, na kuwaondoa wengine njiani. Reli nyepesi hufanya la kwanza kwa ukamilifu na la pili kwa sehemu. Huwekewa njia yake katikati au kando ya barabara, ikatengwa kwa ukingo au uzio, lakini kwenye njia panda hukutana na magari na kutegemea taa, hata kama taa hizo zimepangwa kuipendelea. Metro hufanya yote mawili bila kubakiza kitu. Ndiyo maana tramu inayochanganyika na magari hupata wastani wa kilomita 12 hadi 18 kwa saa, reli nyepesi iliyotengewa njia vizuri hupata 20 hadi 30, na metro nyingi huwa kati ya 30 na 40, ingawa mitambo ya zote inaweza kufikia mwendo wa juu unaokaribiana.

Hata hivyo mwendo ni sehemu ndogo ya hadithi. Sehemu kubwa ni idadi ya watu, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua.

Tuseme treni moja ya reli nyepesi inabeba abiria 250, nayo inapita kila baada ya dakika 3. Kwa saa moja ni treni 20, sawa na abiria 5,000 kwa upande mmoja. Ukitaka kubeba wengi zaidi una njia mbili tu: kurefusha treni au kuzipitisha kwa karibu zaidi. Anza na kurefusha. Treni inayopita barabarani ikisimama kituoni haipaswi kuziba njia panda iliyo nyuma yake, kwa hiyo urefu wake unafungwa na umbali kati ya mtaa na mtaa. Mji wa Portland, Marekani, una mitaa mifupi sana katikati yake, kiasi cha mita 61 kutoka kona hadi kona, na kwa sababu hiyo peke yake treni zake za reli nyepesi haziwezi kuzidi vyombo viwili vilivyounganishwa. Watu waliochora mitaa ile karne ya 19 hawakuwa wakiwaza treni ya umeme, lakini wao ndio walioiwekea kikomo.

Sasa jaribu kuzipitisha kwa karibu. Ukiweka treni kila baada ya dakika 2 kwa kila upande, katika njia panda moja itapita treni kwa wastani wa kila dakika 1, maana zinatoka pande mbili. Magari yanayotaka kukatiza yatapata sekunde chache tu kati ya treni na treni. Foleni yao itarefuka, itarudi hadi njia panda ya nyuma, na mwishowe itaiziba reli yenyewe. Hapo reli nyepesi imefika mwisho wake wa asili. Kwa treni ndefu na njia iliyotengwa vizuri inaweza kufika abiria 10,000 kwa saa kwa upande mmoja, na penye mazingira mazuri sana ikafika hata mara mbili ya hapo, lakini kila hatua ya kupanda inadai njia panda nyingine iondolewe, ijengewe daraja au ichimbiwe handaki. Kwa maneno mengine, inaanza kugeuka metro kidogo kidogo.

Metro haina njia panda, kwa hiyo haina kikomo hicho. Treni yake inaweza kuwa na mabehewa manane au kumi kwa sababu hakuna mtaa wa kuzibwa, na inayofuata inaweza kuwa nyuma yake kwa muda usiofika dakika 2. Njia ya Victoria ya London hupitisha treni 36 kwa saa nyakati za msongamano, yaani moja kila baada ya sekunde 100. Treni ya abiria 1,200 ikipita mara 30 kwa saa ni watu 36,000 kwa upande mmoja, na iko miji inayozidi hapo. Barabara ya kubeba umati huo kwa magari madogo ni vigumu kuipata duniani, na hata ingepatikana pasingekuwa na pa kuyaegesha magari hayo.

Umeme nao hufuata umiliki wa njia. Metro nyingi huchukua umeme kutoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando ya mbili za kawaida, yenye volti kati ya 600 na 750. Ni mfumo imara, usiohitaji nguzo wala nyaya za juu, na unaokaa vizuri katika handaki lenye dari fupi. Lakini mtu akiikanyaga anaweza kufa, kwa hiyo haiwezekani kulazwa mahali ambapo mtoto anaweza kuvuka akitoka shuleni. Reli nyepesi, kwa kuwa inapita kati ya watu, inauweka umeme juu, kwenye waya ambao treni huufikia kwa mkono ulio kwenye paa. Udereva pia hutofautiana hivyo hivyo: wa reli nyepesi anaendesha kwa macho kama dereva wa basi, na treni yake ina breki za sumaku zinazoshika reli ili asimame kwa umbali mfupi, wa metro anaendesha kwa ishara, na miji mingine imemwondoa kabisa, kama Lille ya Ufaransa ilivyofanya tangu mwaka 1983, kwa sababu mashine inaweza kuaminiwa pale tu ambapo hakuna anayekatiza mbele yake. Jambo ambalo reli nyepesi humshinda mwenzake ni wepesi wa kupinda na kupanda: inaweza kukata kona yenye nusu kipenyo cha mita 25 na kupanda mwinuko ambao metro ya kawaida haiuwezi, na ndiyo maana inaingia katika miji ya zamani bila kubomoa sana.

Tuje kwenye uchimbaji. Ikiwa njia iwe yako peke yako, na mji umekwisha kujengwa juu, unabaki na chaguo la nguzo au handaki. Wenye mji hupenda handaki kwa sababu halionekani, na hapo ndipo fedha huanza kumwagika. Njia ya kale ya kuchimba ni kuipasua barabara, kuchimba mtaro, kujenga kuta na paa, kisha kuifukia. Ndivyo London walivyofanya mwaka 1863, na treni zilizopita humo zilivutwa na mvuke, moshi ukiwa kero ya kila siku. Mwaka 1890 wakafungua njia ya kwanza ya umeme iliyochimbwa kina kirefu bila kuipasua barabara, na jambo lililowasaidia sana ni udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mji ule, udongo laini wa kuchimbika lakini unaojishikilia na kuzuia maji. Si kila mji umebarikiwa udongo wa namna hiyo.

Sisi wa pwani tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Anayechimba kisima karibu na ufukwe hapa Mtwara hushuka kwenye mchanga na matumbawe, na kabla hajafika mbali sana maji yanamkuta. Ardhi ya namna hiyo inachimbika, lakini kwa mashine zinazosukuma uzito wa udongo na maji mbele yake wakati wote, na kwa kuta zinazofungwa nyuma yake hatua kwa hatua, kwa sababu udongo ukitiririka kuingia handakini, nyumba iliyo juu inashuka. Amsterdam iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Mji ule umekaa juu ya mchanga, matope na maji, na nyumba zake za zamani zimesimama juu ya magogo. Ujenzi wa njia yake ya metro ya kaskazini na kusini, yenye urefu usiofika kilomita 10, ulianza mwaka 2003. Mwaka 2008 nyumba za kale zilizo kando ya kituo kimoja zilititia, kazi ikasimama. Treni zikaanza kupita mwaka 2018, na gharama ikawa imefika kiasi cha euro bilioni 3.1, zaidi ya mara mbili ya ile iliyokusudiwa.

Na maji hayaishi baada ya uzinduzi. New York, hata siku isiyo na mvua, huvuta maji kutoka kwenye mahandaki yake kiasi cha lita milioni 49 kwa siku kwa pampu. Pampu hizo zikisimama, treni nazo zinasimama. Kimbunga cha Oktoba 2012 kilipoingiza maji ya bahari katika mahandaki hayo, chumvi iliharibu nyaya na mitambo kiasi kwamba ukarabati uliendelea kwa miaka. Ongeza na feni za kusukuma hewa, ngazi za umeme, lifti, milango ya kutokea wakati wa moto: vyote hivyo vinakula umeme na fedha usiku na mchana, abiria wawe wengi au wachache. Kwa kweli mara nyingi si handaki lenyewe linalogharimu zaidi, bali vituo. Handaki ni bomba. Kituo ni jengo la ghorofa kadhaa lililofukiwa.

Kwa hiyo msomaji hatashangaa akisikia kwamba New York ilipofungua Januari 2017 kipande cha kwanza cha njia yake mpya ya mashariki mwa Manhattan, chenye urefu usiofika kilomita 3 na vituo vipya vitatu, ilikuwa imetumia kiasi cha dola bilioni 4.5. Addis Ababa ilifungua mwaka 2015 reli nyepesi ya kiasi cha kilomita 34 kwa dola milioni 475. Kilomita moja ya huko Marekani ilikula fedha ambazo zingejenga reli nyepesi ya Addis Ababa zaidi ya mara tatu. Ulinganisho huu si wa haki kabisa, na nisingependa mtu auchukue kama kanuni. Mishahara, bei ya ardhi na taratibu za zabuni hazifanani, na New York ni ghali hata mbele ya miji mingine tajiri. Lakini hata ukiupunguza kwa mara kumi, pengo linabaki la kutisha.

Addis Ababa inastahili kutazamwa kwa karibu kuliko mji mwingine wowote, kwa kuwa hali yake iko karibu na yetu. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo kutoka China, na ujenzi ulifanywa na kampuni ya China kwa miaka michache tu. Njia mbili zinakutana katikati ya mji, zikipita juu ya madaraja na katikati ya barabara zilizozungushiwa uzio. Uzio huo umeipa treni njia yake, lakini umewanyima waenda kwa miguu yao: mtu aliyezoea kuvuka barabara mbele ya duka lake sasa hutembea mbali kutafuta pa kuvukia. Hilo ni deni ambalo kila reli ya juu ya ardhi inalo kwa wakazi, na wahandisi huliandika mwisho, ilhali mama mwenye mzigo kichwani analilipa kila siku. Kisha likaja suala la vipuri. Treni zilikuwa 41, na baada ya miaka michache nyingi kati ya hizo ziliegeshwa kwa kukosa vifaa vya kubadilisha, ambavyo vilihitaji fedha za kigeni. Reli ilikuwepo, umeme ulikuwepo, abiria walikuwa wamejaa vituoni, na treni zilikuwa gereji. Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, nitasema halikuwa katika kuchagua reli nyepesi. Lilikuwa katika kuhesabu bei ya kununua bila kuhesabu bei ya kutunza, na kosa hilo hilo likifanyika kwenye metro linauma zaidi, kwa sababu metro ina vitu vingi zaidi vya kutunza.

Lagos ilichukua njia nyingine ambayo naiona ya busara. Kipande cha kwanza cha reli yake ya umeme, kilomita 13, kilianza kubeba abiria Septemba 2023. Hakiingii ardhini mahali popote, lakini kimetengwa kabisa na magari. Ni metro kwa tabia bila kuwa ya chini ya ardhi. Nasi Tanzania tumefanya jambo la namna hiyo bila reli. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yaliyoanza Mei 2016 yana njia yao, vituo vyenye sakafu iliyo sawa na mlango wa basi, na tiketi inayokatwa kabla ya kuingia kituoni. Yote hayo ni mazoea ya metro yaliyovalishwa matairi. Udhaifu wake ni ule ule wa reli nyepesi: kwenye njia panda yanakutana na taa na wenzake wa barabarani.

Sasa Kusini. Nazungumza juu ya reli nikiwa mahali ambapo reli iliwahi kuwepo ikaondolewa, na kwa wazee wa Lindi na Nachingwea hilo si jambo la vitabuni. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilijenga reli ya Jimbo la Kusini kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mashamba yalifyekwa, matrekta yakaletwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, lakini karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Mradi ukaachwa mwaka 1951 ukiwa umekula kiasi cha pauni milioni 36. Reli iliendelea kwa muda ikitafuta mzigo, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Ilijengwa vizuri. Ilikufa kwa kukosa cha kubeba. Mipango ya sasa ya reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay inasimama juu ya hesabu hiyo hiyo ya mzigo, ya makaa ya mawe na chuma, na isichanganywe na usafiri wa mjini tunaouzungumzia hapa.

Kwa mji wetu, hesabu iko wazi. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Mtwara-Mikindani na watu 108,299, na ingawa tumeongezeka, hatujafika laki mbili. Dar es Salaam mwaka 2022 ilikuwa na watu 5,383,728. Asubuhi ya msongamano kabisa, barabara ya Mikindani haina hata abiria 2,000 kwa saa wanaoelekea upande mmoja. Basi kubwa la kubeba watu 80 likipita kila baada ya dakika 3 linawachukua 1,600. Kwa hiyo metro kwetu haipo katika upeo wa maisha yangu wala ya mpwa wangu, na reli nyepesi bado iko mbali. Tunachohitaji leo ni mabasi yenye ratiba na vituo vilivyopangwa.

Lakini kuna kitu kimoja cha reli nyepesi ambacho mji mdogo unaweza kukinunua mapema kwa bei ndogo, nacho ni njia. Njia mbili za treni zilizo sambamba, ya kwenda na ya kurudi, zinahitaji upana wa mita 7 au 8, na mita chache zaidi penye vituo. Mji ukiuacha upana huo wazi kando ya barabara kuu wakati ardhi bado ina minazi na mikorosho, gharama yake ni ramani na msimamo. Ukiusubiri hadi maduka yajengwe, gharama ni fidia, kesi, na ile alama nyekundu ya X ambayo kila Mtanzania anaijua, iliyochorwa kwenye ukuta wa mtu aliyejenga kwa jasho lake. Miji iliyochimba ardhini kwa mabilioni, mingi yake ilichimba kwa sababu juu hapakuwa na mahali palipobaki.

Nilimweleza mpwa wangu hayo kwa siku mbili tatu, na kabla hajarudi Dodoma tulitoka asubuhi kwenda kuitazama barabara ya Mikindani kwa miguu. Alipima kwa hatua kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa karibu zaidi. Mahali pa kwanza, penye mikorosho, alihesabu hatua 22 na hakuwa amefika popote. Mbele kidogo alihesabu 11. Mahali pa tatu palikuwa na fremu mpya za maduka, matofali yakiwa bado mabichi na fundi akiyamwagia maji kwa ndoo. Mpwa wangu alipiga hatua 4, akasimama, akanigeukia, mkono wake ukiwa umegusa ukuta.